Pikapu Usiguse

Dada yangu mkubwa,

Kabla hata sijakusalimu, acha nijisifu kidogo, maana wewe hunisifu, na mimi nikinyamaza kazi hiyo itakosa mtu. Katika watoto wa baba yetu, bahati yote imemwagikia kwangu. Ile bendi kubwa inayopiga kwenye hoteli ya ghorofa tisa imeniajiri. Si kubeba spika, dada. Kusikiliza! Nakaa nyuma ya mashine yao yenye vitufe vingi kuliko madirisha ya hoteli yenyewe. Nikiinua kidole kimoja, besi inashuka. Nikiinua cha pili, mwimbaji anapanda. Wamenishonea koti, mgongoni limeandikwa FUNDI MKUU WA SAUTI. Nikipita nalo mtaani hata mbwa wananipisha.

Haya, sasa salamu. Hujambo, dada? Shemeji naye hajambo? Bado anakoroma, au goti limemshika hadi kukoroma ameacha? Wapwa zangu wabusu kwa niaba yangu, yule mkubwa mwenye ndevu mpe mkono tu. Sisi huku tu wazima, tunakula, tunacheka, na tunagombana kwa kiasi cha kawaida. Wifi yako anakusalimu sana, ingawa siku hizi amepata ugonjwa wa kunong'ona. Anasema neno akiwa jikoni, mgongo ameupa mlango, kisha analalamika kwamba simjibu. Nikamwambia alipokuwa mchumba wangu alikuwa na sauti ya kusimamisha lori, leo anaongea kama mtu anayeungama dhambi. Akanijibu kitu ambacho sikukisikia vizuri, ila kwa jinsi alivyoweka sufuria nilielewa.

Najua umepiga simu mara nyingi. Nimeziona zote, nimezihesabu. Usidhani nimekudharau, nani amdharau dada aliyemfungia kamba za viatu mpaka darasa la nne? Hilo la simu nitalifikia. Nimeona niandike, kwa sababu karatasi haikatiki katikati ya maneno, na kwa sababu ninayotaka kukuambia nikiyasema kwa mdomo nitayageuza mzaha. Unanijua. Hata hapa sitashinda kabisa.

Gitaa lako lilifika salama. Sanduku halikuwa na mkwaruzo. Nilipolifungua nikakuta kile kikaratasi ulichokibandika kwa ndani, kwa mwandiko wako ule uliosimama wima kama askari. Rekebisha tundu la kuchomekea waya. Kapasita fanya utakavyo. Pikapu usiguse. Nikacheka peke yangu. Nikamwonyesha wifi yako, nikamwambia tazama, dada ananiandikia amri tatu kama niko jeshini. Kisha nikasoma barua yako yenyewe, sikucheka tena. Umesema tangu tumzike baba miaka minne iliyopita hujaligusa, na sasa unataka kupiga, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi utakuja kulichukua mwenyewe. Umesema unataka ulisikie likiwa vilevile.

Tundu la waya nililimaliza asubuhi moja. Kiungo kilikuwa kimelegea, nikakilehemu upya, sauti ikaacha kukwaruza. Nikachomeka kwenye amplifaya, nikapiga nyuzi zote sita. Dada, lilikuwa linaongea kama mtu aliyefungwa ndani ya gunia.

Wewe ni mpigaji, mambo ya ndani huyajui, kwa hiyo acha mimi niliyeishia darasa la sita nikufundishe. Pikapu ni koo la gitaa. Ni koili, waya mwembamba kuliko unywele uliozungushwa maelfu ya mara juu ya sumaku, na sauti yote inazaliwa pale. Kapasita ni mtandio uliofungwa mdomoni. Mtandio mzito unazuia sauti nyembamba zisitoke, unabaki na mngurumo. Mtandio mwepesi unaziachia. Baba alikuwa akisema kapasita haiongezi kitu, inapunguza tu, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba atakuwekea kapasita ya kuleta utamu usiokuwepo. Lakini uzuri wake ni kwamba mtandio unaufunga na kuufungua upendavyo. Koo ukishalikata, umelikata.

Kwa hiyo nilianza na kapasita, kama ulivyoniruhusu. Ile ya zamani, ya kahawia, ya ukubwa wa punje ya mahindi, nikaitoa nikaihifadhi. Nikaweka nusu yake. Gunia. Nikaweka nusu ya nusu. Gunia limetoboka kidogo, lakini gunia. Mwisho nikaiondoa kabisa, sauti ikatoka mdomo wazi bila mtandio wowote, na bado nikasikia mngurumo wa mtu aliyejifunika blanketi.

Na ujue haikuwa gitaa peke yake. Mwezi uleule redio yetu ya nyumbani ilififia. Nikaifungua, nikabadilisha kapasita. Televisheni nayo. Nikaenda kwa kinyozi, nikamwambia redio yako ina mafua, nikamtengenezea bure, kwa moyo mweupe. Ya fundi cherehani jirani yangu nayo nikaitengeneza kabla hajaomba. Nikatangaza kwamba mwaka huu vyombo vyote vimepatwa na ugonjwa, na sababu ni bidhaa mbovu madukani. Kinyozi alinijia baadaye akilalamika kwamba tangu niiguse redio yake inapiga miluzi mpaka wateja wanaondoka na nusu ya kichwa. Nikamwambia hajazoea sauti safi. Ndivyo nilivyosema, dada, tena mbele ya wateja.

Basi nikarudi kwenye gitaa. Kama mtandio umeondolewa na mtu bado hasikiki, kosa ni la koo. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu. Nikachukua mita nikapima koili, mita ikasema koili ni nzima. Nikapima tena, ikasema nzima. Nikaiweka mita kando nikasema hiki ni chombo cha watu wasio na masikio. Wanaonizunguka hapa karakana ni mashahidi, nilisema hivyo kwa kinywa changu. Nilipomwambia fundi cherehani kwamba itabidi nibadilishe pikapu, akaniuliza tangu lini nimenunua gari, na kama ningeweza kumsaidia kubeba majora yake ya vitambaa kabla sijaliuza. Tukacheka hadi machozi. Nakumbuka kicheko kile, kwa sababu nilikuwa na pasi ya kulehemu mkononi, ya moto, na ningeweza kuizima.

Nilizitoa waya mbili za pikapu nikaitoa kwenye gitaa.

Dada, soma pole pole. Ukitaka kukaa, kaa.

Nisingeweza kununua pikapu ya dukani nikaiweka mahali pa ile aliyokusukia baba kwa mkono wake. Hilo moyo wangu ulilikataa. Nikaamua nitaisuka ileile upya, kwa waya mpya, kama yeye alivyoisuka. Na wewe unajua kazi yetu, umekulia ndani yake. Mota ya pampu ikija imekufa, jambo la kwanza fundi hulifanya ni kuufungua waya wa zamani na kuhesabu mizunguko, aandike, ndipo asuke mpya kwa hesabu ileile. Baba alinifundisha hivyo, nimefanya hivyo kwa feni, kwa pampu, kwa mashine za kusagia, mara elfu. Mkono wangu haujui njia nyingine. Haukuniuliza kama hii mota imekufa kweli.

Nikaiweka juu ya meza, nikatafuta ncha ya waya kwa sindano, nikaanza kufungua. Mmoja, wawili, kumi, mia. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, na kila mia naweka punje ya kokoto kwenye kisosi. Baba alikuwa amepaka nta, mahali pengine waya umeshikana, pengine unateleza. Alisuka kwa mkono na keke ya kutobolea mbao, kwa hiyo haukukaa sawasawa kama wa kiwanda, ulikuwa unapanda na kushuka kama mtu anayetembea huku anawaza. Nilijisikia niko naye. Nakuambia ukweli, yalikuwa masaa mazuri.

Nilikuwa kwenye elfu tatu mia moja na kumi na saba wakati wifi yako aliponishika bega. Anasema alikuwa ameniita mara tano, ya tano akiwa amesimama nyuma yangu kabisa. Mimi sikusikia hata ya kwanza. Nikashtuka kama mwizi, mkono ukavuta, waya ukakatika ndani, chini ya nta, mahali ambapo ncha haionekani. Nikaitafuta. Ukakatika pengine. Kufika jioni nilikuwa na vipande kama nywele zilizoanguka kwa kinyozi, na mizunguko mingine yote bado iko pale imegandana, haihesabiki wala haifunguki. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu zima, kilichovunjika ni waya wa baba.

Nikajipa moyo. Nikasema hesabu lazima iko kwenye daftari. Unalikumbuka lile daftari lake la jalada gumu, lenye alama za vidole vya grisi, kila mota aliyowahi kusuka ameiandika, namba ya waya, mizunguko, mwenye mota. Mtu ambaye hakuwahi kutuandikia hata kadi aliandika pampu mia nne. Nikalipekua ukurasa kwa ukurasa. Nikaikuta. Ameandika: Gitaa la binti. Kisha namba ya waya. Kisha mahali pa mizunguko ameandika: Hesabu imenipotea. Alikuwa anapiga.

Basi, hayo tu. Mstari unaofuata ni feni ya duka la dawa.

Sijui wewe unakumbuka nini cha wiki zile baba alipokuwa akiisuka. Mimi nakumbuka ulikuwa unajifunzia chumba cha pili kwa gitaa la kuazima, yeye amefunga mlango wa karakana, na wewe ukaniambia kwa uchungu kwamba mzee huyu hata nikipiga mpaka vidole vitoke damu hatainua kichwa. Ulisema hivyo kwa miaka mingi, na hata kwenye mazishi ulinong'ona kwamba hakuwahi kukusikiliza hata siku moja. Ukurasa huo nimeukata nimeuweka ndani ya bahasha hii. Ni wako. Ningetamani kukupa bila kukupa na haya mengine.

Na hapo ndipo ninapokwama, dada. Hakuna hesabu. Fundi yeyote duniani aliye mzuri anaweza kusuka koili nyingine, hata nzuri kuliko ile, lakini ile haisukiki, kwa sababu aliyeisuka hakuwa anahesabu. Nilisuka yangu, nikajaribu tatu, nikazitupa. Mwisho nikaenda duka la vyombo vya muziki nikanunua pikapu ya kiwandani, nikaifunga, nikaiacha bila kapasita, nikapiga. Kwa mara ya kwanza gunia likatoka. Nikasikia nyuzi zikimetameta. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikasema labda dada hata hatagundua.

Nikamwita Kobe, yule mpiga besi wenu wa zamani, maana amesimama kando ya gitaa hilo miaka kumi na mitano. Alikuja kwa mwendo wake uleule. Akapiga mara moja, akaangalia mwili wa gitaa mbele na nyuma, akaniuliza hili ni la nani. Nikamwambia usinitanie. Akasema linakata kama msumeno kwenye bati, na mbona nimeliwekea wembe mdomoni. Fundi cherehani akatokea mlangoni ameziba masikio. Wifi yako naye akatoka jikoni ameziba. Nikawaambia wote watatu wana wivu.

Kobe hakubishana. Akavua saa yake ya mkononi, akaniwekea sikioni, akaniuliza inasemaje. Nikamwambia saa yako imekufa, iache hapa nitakutengenezea. Akaiangalia ile saa, akaniangalia mimi, akaivaa. Kisha akaenda jikoni akaongea na wifi yako muda mrefu. Sijui walisema nini. Walikuwa wananong'ona, nilidhani.

Siku ya tatu wifi yako alinipeleka hospitali kwa mkono kama mtoto wa chekechea. Wakaniingiza kwenye chumba kidogo kama kabati, wakanivalisha vile vya masikioni, binti mmoja mpole akaniambia nikisikia mluzi niinue mkono. Nikakaa tayari, mkono umeshaanza kupanda kwa hamu, unajua nisivyopenda kushindwa. Akanipigia ile minene minene, nikainua mkono vizuri kama mwanafunzi bora. Kisha kukawa kimya. Nikangoja. Nikangoja tena, nikamwonyesha kwa ishara kupitia kioo kwamba mbona hamuendelei. Akafungua mlango akaniambia tumeshamaliza, baba.

Daktari alinichorea mstari. Unaanza juu, unakwenda sawa kidogo, kisha unaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Akasema ni miaka ya mashine za kukatia vyuma, na mota, na kusimama mbele ya spika nikijifanya mjuzi. Zile sauti nyembamba ndizo hufa kwanza, na zikifa hazirudi, na zinazobaki zitazifuata. Nikamwambia ndiyo maana wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hakucheka. Wifi yako ndiye aliyecheka, kisha akalia pale pale kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba analia bila mimi kumsikia.

Kwa hiyo hivyo ndivyo ilivyo. Gitaa lako halikuwa na kosa lolote zaidi ya tundu la waya. Redio ya kinyozi haikuwa na kosa. Wifi yako hakuwahi kunong'ona. Kapasita kubwa imefungwa kichwani kwangu, na hiyo hakuna pasi ya kuifungua. Nilichukua kitu kizima cha baba, kilichopimwa mara mbili kikaonekana kizima, nikakiua kwa sababu mimi nilikuwa naumwa.

Na simu ndiyo hiyo. Sauti yako naitambua, najua kwamba ni wewe, lakini maneno hayaniingii, ni kama mtu anayeongea upande wa pili wa ukuta. Mara ya mwisho ulipopiga nilisema ndiyo, ndiyo, sawa kabisa, nikakata. Sijui nilikubali nini. Kama kulikuwa na jambo kubwa, niandikie.

Gitaa liko ndani ya sanduku lake. Kapasita ya zamani nimeirudisha mahali pake, ile ya kahawia, angalau hiyo ni ileile. Pikapu ni ya dukani. Vipande vya waya wa baba nimeviweka kwenye kopo la maziwa ya unga, vyote, hata vile nilivyovifagia sakafuni. Havina kazi. Sikuweza kuvitupa.

Jumamosi hiyo ukija, karibu, chakula kitakuwepo. Usipokuja nitaelewa, nitamwomba Kobe akuletee. Ila nakuomba jambo moja. Ukilipiga, usiniulize kama limekaribia lile la zamani. Nitakujibu kwamba ndiyo, ni lenyewe kabisa, kwa sababu ndivyo nilivyo. Na wewe utaniangalia usoni kujua kama nasema kweli, na dada, mimi mwenyewe sitakuwa najua.

Msalimie shemeji, goti lake lipone. Wapwa waambie mjomba wao anawapenda, na wakija waongee wakiniangalia usoni. Wifi yako anasema anakukumbatia. Amesema mara mbili, mara ya pili nimesikia. Mungu akulinde na akuwekee masikio yako.

Ni mimi mdogo wako, uliyenipa jina mwenyewe,
Redio

Dada, nimesoma tena mwanzo wa barua hii, nikataka kuuchana, nikaona niuache ili uone ninavyoishi. Bendi haijaniajiri. Nilipita pale hotelini kuomba kazi, hawakunijibu, au walinijibu sikusikia. Koti nililishonesha mwenyewe.